Nilivyounganisha kamera za brand tofauti kwa mama Butiama, nilichokiona kilinitoa jasho

Wakuu, habari za muda huu.

Hii sio chai. Kila kitu kimenitokea mimi mwenyewe.

Mimi nakaa Bunda, Kabasa, nauza spea za pikipiki. Mama yangu ni mjane, anaishi peke yake kijijini Butiama na mbuzi wake. Hataki kusikia habari ya kuhamia kwangu.

Sasa mbuzi wakaanza kupotea. Mmoja mmoja. Zizi linafungwa, asubuhi wapo wote, jioni mmoja amepungua.

Nikafunga kamera. Ya getini nilipewa na rafiki, ya jikoni (jiko letu liko nje) nilinunua Musoma, ya zizini nilichukua mtumba. Brand tatu, app tatu. Hapo ndipo mateso yalipoanza.

Kila app ilikuwa inarekodi kipande kifupi tu ikiona kitu kinatembea. Kuku akipita, simu inalia. Nilikuwaga naamka na alert za kuku mpaka nikazizima zote. Memory card zikajaa. Mbuzi mwingine akaenda.

Siku moja nililalamika pale nyumbani kwa mama mbele ya jirani yetu, nimuite Marwa, kwamba haya makamera ni mapambo tu, hayarekodi kitu. Marwa ndiye alikuwa anamchotea mama maji na kumnunulia vitu sokoni. Akanipa pole sana.

Nikaanza kutafuta software moja ya kubeba kamera zote. Ya kwanza ilikuwa inataka malipo kila mwezi. Ya pili ni ya bure lakini inakubali kamera moja tu. Ya tatu inapeleka video zote mtandaoni, ikala bando lote hata sijaelewa nini kimetokea.

Mwisho nikapata ya bure kabisa, inakaa kwenye kompyuta yako mwenyewe na kurekodi kwenye hard disk bila intaneti. Haijali brand. Kamera ikiwa na RTSP, yaani ile anwani ya kuvutia video, inaingia. Nikachukua desktop yangu ya zamani, nikaifunga sebuleni kwa mama, nikaweka irekodi muda wote, nikarudi Bunda.

Jumapili iliyofuata nikaenda kukagua. Mama alikuwa anakwenda kanisani, jirani mmoja mama mwenzake alimpitia wakashikana mikono wakaenda. Nikakaa peke yangu, nikafungua kamera zote tatu kwenye kioo kimoja, nikawa napeleka mbele haraka haraka.

Nikaona mama anatoka jikoni.

Mkono mmoja ameshika kamba ya nguo. Anaifuata. Kamera ya jikoni ikamwacha, ya zizini ikampokea, bado kashika kamba. Ile kamba nilikuwa naijua ni ya kuanikia. Kumbe inaanzia mlango wa jiko mpaka zizini.

Akaingia zizini, akaanza kugusa migongo ya mbuzi, mmoja mmoja. Anawahesabu kwa mikono.

Wakuu! Mama yangu haoni!

Sijamaliza kushangaa, kamera ya getini ikaonyesha Marwa anaingia. Mchana kweupe. Akavua ndala, akazishika mkononi, akatembea peku mpaka zizini.

Mama akageuza kichwa, nikaona mdomo unafunguka, kama anauliza nani. Marwa akasimama kimya.

Halafu akanyoosha mkono, akaupunga mbele ya uso wa mama. Taratibu. Mara mbili hivi. Mama hakupepesa.

Akafungua mbuzi, akaondoka naye.

Nilisimama nikatoka nje, nikarudi, nikaangalia tena. Mwizi alijua mama yangu ni kipofu kabla yangu mimi mwanae. Hilo ndilo lililonimaliza, sio mbuzi.

Mama aliporudi nikamuuliza, "Mama, unaniona?"

"Nakusikia, baba."

"Sijakuuliza hivyo. Unaniona?"

Akakaa chini. "Ukijua ungenihamisha. Hapa najua kila kitu kilipo. Kwako Bunda nitakuwa mtu wa kushikwa mkono mpaka chooni."

Nikakaa chini pembeni yake.

Marwa tulimpeleka kwa mwenyekiti wa kitongoji. Alikataa mpaka nilipofungua laptop niliyohamishia ile video. Alipojiona anapunga ule mkono aliinamisha kichwa. Mbuzi wawili walirudi, wengine alishauza, amekubali kuwalipia.

Mama nikampeleka hospitali Musoma. Mtoto wa jicho, macho yote. Daktari akasema linafanyiwa upasuaji. Jicho moja wameshafanya. Bandeji ilipotoka aliniangalia muda mrefu, akasema, "Mbona umezeeka hivyo?" Tukacheka huku machozi yanatoka.

Kwa wenye kamera mchanganyiko: usinunue kabla hujauliza kama kamera ina RTSP. Chagua software inayorekodi muda wote na kuonyesha kamera zote kwa pamoja. Vile vipande vifupi vilinionyesha kuku miezi yote hiyo. Na ukishafunga, nenda nyumbani ukakae na mzazi wako. Mimi nilikuwa namsalimia mama kwa simu, sauti yake nzima, nikajua mambo safi.

Sasa naomba ushauri. Juzi mama aliomba aione ile video kwa jicho lake jipya. Akaangalia mpaka mwisho, hakusema kitu kuhusu Marwa. Akasema tu, "Futa. Sitaki wajukuu wanione hivyo."

Marwa hajamaliza kulipa, na ushahidi ni huo tu.

Nyie mngefuta?