Makofi Matatu

Miaka yote niliyofundisha katika shule ya Kitanga, mtoto akisoma Kiingereza bila kukwama, darasa zima lilimpigia makofi matatu. Mimi ndiye niliyewazoesha.

Msimu uliopita wa kupanda nilipita nyumbani kwa binti niliyemfundisha, aliyekuwa akiongoza darasa kila muhula. Sasa ana mtoto wake. Nilimkuta jikoni, ameinjika maharage. Maji ya sufuriani yalikuwa mekundu kama wino. Mlangoni palikuwa na mfuko mtupu wa mbegu za dukani.

"Haya si ya kupanda?"

"Yalibaki, mwalimu. Nimeyaosha mara mbili."

"Na mfuko umeusoma?"

Akauokota, akasimama wima kama zamani, akausoma wote kwa Kiingereza safi. Hakukosea hata neno. Alisoma mpaka pale palipoandikwa kwamba mbegu hizo zimetiwa sumu na haziliwi. Kisha akanitazama huku akitabasamu. Alikuwa anasubiri makofi.

Nikauliza kama mtoto ameshakula. Bado, akasema. Nikaibeba ile sufuria nikaenda kuimwaga chooni. Niliungua vidole, wala sikuhisi maumivu.

Jumatatu iliyofuata, darasani, mtoto mmoja akamaliza ukurasa bila kukwama. Wenzake wakainua mikono wapige makofi.

"Ole wake atakayepiga!" nilifoka. Nikamuuliza yule mtoto, "Umesoma nini?"

Akanitazama kwa hofu, akarudi mstari wa kwanza, akaanza kunisomea upya, safari hii kwa sauti kubwa zaidi.