Samaki Aliyerudishwa Mtoni

Nakumbuka asubuhi moja ya miaka ile ya wakimbizi, mwanangu, tunaanika dagaa ufukweni, na mimi msichana ambaye mdomo wangu ulikuwa haujajua kufungwa.

Nyumbani kwetu Kasingirima tulikuwa tumepokea wageni wawili kutoka ng'ambo ya ziwa. Mzee Amisi, na mwanamke kijana aitwaye Zaina. Boti yao ilizama ikikaribia kufika, na mume wa Zaina hakuonekana tena. Tangu hapo Zaina hakutamka neno, na chakula akawa anakichezea tu. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini mama yangu alikuwa na hofu kwamba huyu tutamzika.

Mzee aliokoa kitu kimoja, kitabu cha Kifaransa alichokifunga kiunoni ndani ya nailoni. Kilisimulia mto wa porini na wavuvi wake. Sisi tukigeuza dagaa, yeye hukaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, anasoma, kisha anatueleza kwa Kiswahili cha kwao. Maji yanapiga miamba mpaka ardhi inatetemeka, samaki wanaruka kuyapanda maporomoko. Mimi niliyezaliwa kando ya ziwa nilikuwa naduwaa, ufagio mkononi. Wallahi, maji ya namna ile sikuwahi hata kuyaota.

Siku hiyo alisoma habari za mtu aliyevutana na samaki mmoja toka alfajiri mpaka jua la utosi. Akamtoa, akamtazama weee, akamrudisha majini.

Nikacheka. "Huyo hajawahi kulala njaa." Kisha nikajifanya mtetezi wa Zaina. "Na wewe mzee, kila siku maji, maji, mbele ya mjane. Humwonei huruma?"

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Nilidhani hawa wawili ni majirani tu waliookoka pamoja.

Mzee aliweka kidole kwenye ukurasa asipotee. "Mumewe nimemzaa mimi, mama. Kusoma nilimfundishia kitabu hiki."

Nilitamani mchanga unimeze. Ndipo tukasikia sauti ngeni, ya kukwaruza.

"Hata yeye, mtoni kwetu, alikuwa anarudisha samaki," Zaina alisema. "Wenye mayai. Nilikuwa namgombeza, tunalala na sombe tupu, majani ya muhogo bila kitoweo. Ananiambia mto nao una watoto wa kulisha." Akalia, akacheka humo humo. "Soma, baba."

Mzee machozi yalimziba, herufi hazioni. Akakifunga kitabu, akaendelea kwa kichwa, neno kwa neno, mto wote mpaka unapoingia baharini. Mwanangu, mwili ulinisisimka, na mpaka leo nikisimulia unanisisimka. Dagaa waliungua upande mmoja. Mama, ambaye kwa dagaa hakuwa na mzaha, hakunigombeza. Mchana ule Zaina alikula ugali, akaomba mchuzi.

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Aliyenyamaza usidhani hasikii. Na mtu akisimulia maji yaliyomwumiza, usimkatishe ukaiita huruma. Mwache afike mwisho, na wewe kaa usikilize, hata kazi ikiharibika.

Mola akupe masikio kuliko maneno, mwanangu. Na siku utakayonyamaza wewe, asikukoseshe mtu wa kukusomea.