Mwalimu Filimbi Akutana na Mwili Wake

Wanafunzi walimwita Mwalimu Filimbi. Alifundisha michezo na afya, na alijiona bingwa wa miili ya watu wote, wa kwake ukiwa wa kwanza. Aliposhika mimba, aliamua mkunga atakuwa mtu wa kusalimiana naye tu.

Mwezi wa pili akaanza kula kwa ajili ya watu wawili. Mume wake, seremala mpole, alimtazama akimaliza sahani ya pili ya wali.

"Mke wangu, huyo mwenzio ana ukubwa gani sasa?"

"Kama harage."

"Harage linakula hivyo?"

Kliniki, mkunga alitazama mizani, akatabasamu. "Mwalimu, miezi hii ya mwanzo mtoto hadai cha ziada. Zamu yake inakuja."

Mtu wa majivuno akiaibika hurukia ukingo wa pili. Filimbi akajinyima chakula. Miezi ikapita, tumbo likatangulia mbele, yeye asubuhi anakunywa chai ya rangi tu na kwenda uwanjani, jasho likimtiririka. Alililaumu jua.

Siku ya fainali ya madarasa alikuwa mwamuzi. Mshambuliaji akaangushwa, Filimbi akapuliza, akanyoosha mkono, kizunguzungu kikamshika. Akaketi kwenye nyasi, katikati ya eneo la hatari, kama gunia.

Nahodha akamkimbilia. "Mwalimu, ni penalti?"

"Ni njaa, mwanangu."

Kesho yake kliniki, mkunga hakumgombeza, na hilo ndilo lililomuuma. "Injini yako siku hizi inawaka hata ukilala, ndiyo maana unaona joto. Usipokula, sukari inaisha upesi kuliko zamani, mwili unaanza kuchoma mafuta."

"Na protini?"

"Hapo mwili umekuwa bahili. Ile iliyokuwa ikivunjwa na kutoka kwenye mkojo kama taka, sasa nyingi inashikwa, inamjenga mtoto, kondo la nyuma, na damu yako. Lakini bahili asiyeletewa kitu atabana nini? Ongeza mayai, maziwa, maharage."

Filimbi akashusha pumzi. "Kwa hiyo nilijishindilia pasipo haja, haja ilipokuja nikafunga."

"Barabara."

"Na kazi yangu ni kufundisha afya!"

"Punguza sauti, mwalimu. Nje kuna wazazi wa wanafunzi wako."

Tangu hapo mumewe alimtilia mayai ya kuchemsha kwenye mfuko wa suruali ya michezo. Siku moja Filimbi akasahau, akalikalia yai moja mbele ya darasa zima. Aliinuka, akajifuta, akawaambia hiyo ndiyo protini, na kwamba huwa haiingii kwa njia ile.

Mtoto alizaliwa wa kike, mzito, mwenye mashavu na kilio cha kudai haki. Likizo ya uzazi ilipokwisha, Filimbi aliomba somo la lishe ya wajawazito awe analifundisha yeye. Hakuchora mchoro wowote. Alisimulia tu yaliyompata, na wanafunzi walipocheka hadi machozi, hakuwanyamazisha.