Petroli ya Pampu ya Simba

Mwaka ule ungeweza kutembea Musoma nzima na kopo mkononi usipate petroli hata ya kuwashia pikipiki. Mume wangu alikuwa dereva wa mradi wa maji. Mtaalamu wa kigeni aliyekuwa akimwendesha alikuwa amerudi kwao na kuacha kombi yake, ile yenye vitanda viwili, jiko la gesi na mapazia ya maua. Pale Iringo, tulipokuwa tukiishi, majirani waliiita nyumba ya magurudumu. Mume wangu alipewa kazi ya kuipeleka Mwanza, na kibali cha kujazia mafuta Bunda.

Binti yetu alikuwa na miaka mitatu. Siku mbili kabla ya safari alishikwa na homa. Zahanati ya kwanza hawakuwa na dawa. Ya pili walinipa aspirini nusu kidonge na pole. Muuguzi mmoja alinivuta pembeni. "Huyu anataka sindano ya kwinini, mama. Hapa kwetu iliisha zamani. Masista wana kituo kule mbele ya Bunda, barabara ya Mwanza. Wahi."

Basi tukaondoka wote watatu. Mama yangu alikuwa amekuja kutoka Mugango na kifurushi cha furu wakavu, wale samaki wadogo wa ziwani, akakiweka chini ya kitanda cha kombi. Alimshika mjukuu wake paji la uso, akageuka haraka ili nisimwone usoni.

Bunda tulifika alasiri. Mwenye kituo cha mafuta alikisoma kibali chetu chote, mpaka muhuri, akamrudishia mume wangu. "Karatasi ni nzuri, bwana. Petroli ndiyo hamna. Labda wiki ijayo."

Mume wangu aliangalia mshale wa mafuta, akaniangalia mimi. "Tutajaribu," alisema.

Hatukufika mbali. Jua lilikuwa linazama kombi ilipokohoa mara tatu ikazimika. Upande wa kushoto palikuwa na uzio mrefu wa waya, na ndani yake nyumba ndogo ya mabati. Tuliisukuma kombi mpaka langoni. Mzee mmoja mwenye sare iliyochakaa alitoka na tochi.

"Msishuke ovyo," alisema. "Hapa kuna wanyama."

Alikuwa mlinzi wa mahali walipotunzwa wanyama waliookolewa: simba jike aliyekatwa mguu na waya wa mtego, na chui wawili waliookotwa wadogo baada ya mama yao kuuawa. Mwenzake alikuwa ameacha kazi. Mbuzi wa kuwalisha walikuwa hawaletwi tena, kwa hiyo alikuwa akienda ziwani kuomba vichwa vya samaki. "Simba hakuwaga wa kula samaki," alituambia, "lakini njaa imemfundisha."

Mume wangu alimwuliza kama ana petroli.

"Ninayo lita tano. Ni ya pampu ya kisima. Ikiisha hiyo, hawa hawana maji. Mto umekauka, na ziwa ni mwendo wa saa mbili kwa miguu."

"Mtoto wangu anakufa, mzee."

"Nimemwona. Labda usiku litapita lori." Akarudi ndani.

Hakuna lori lililopita. Nilimlaza mtoto kwenye kitanda cha mzungu, nikawa namfuta kwa kitambaa chenye maji. Mwili wake ulikuwa unaunguza mikono yangu. Nje simba akaanza kunguruma, mpaka vikombe kwenye kabati vikagongana. Nilikuwa nimezaliwa mkoa wa Mara na sijawahi kulala karibu na simba hivyo. Lakini sikumwogopa. Niliogopa kwamba mtoto hakushtuka.

Mume wangu aliinama sikioni kwangu. "Nitakwenda kuiiba."

Nililelewa na baba mzee wa kanisa. Nilimjibu, "Iibe."

Alitoka na mpira wa kunyonyea mafuta. Akarudi mikono mitupu. "Amelikalia dumu," alisema. "Yuko mlangoni, amelikalia kama kiti."

Ndipo degedege likamshika mtoto. Macho yalipinduka, meno yakaumana, mikono ikawa inaruka. Sikumbuki kufungua mlango. Nakumbuka nyasi miguuni, sina viatu, na yule mzee akiinua tochi. Nilimweka mtoto mapajani pake.

"Mshike wewe," nilimwambia. "Kama ni wa kufa, afie kwako."

Alimshika. Hakujua kumshika, nikaona kwamba kwake hakukuwa na watoto, au walikuwepo zamani sana. Alimgeuza ubavu, akamtolea mate mdomoni kwa kidole, akawa anasema kwa lugha ya kwao maneno ambayo sikuyaelewa. Degedege lilipoachia, alinirudishia mtoto, akasimama, akamsukumia mume wangu dumu kwa mguu.

"Chukua. Chukua yote kabla sijafikiri."

Nilikimbia kwenye kombi nikamletea kifurushi cha furu. Sikuwa na kingine. Alikifungua palepale na kwenda kwenye uzio, akawa anarusha samaki mmoja mmoja gizani. Tulipowasha gari alikuwa bado anarusha, wala hakugeuka kutupungia mkono.

Masista walimchoma binti yetu sindano kabla hakujapambazuka. Siku ya tatu alifungua macho akaomba uji. Siku ya tano niliangusha sufuria nyuma yake, hakugeuka. Nikapiga makofi. Nikaita jina lake kwa sauti kubwa, mpaka sista akanishika bega. Hakusikia tena tangu hapo. Sijui sauti ya mwisho iliyomfikia ilikuwa yangu au ya yule mnyama.

Petroli ya kumrudishia mzee ilichukua siku tisa kupatikana. Mume wangu aliipeleka akiwa amepanda juu ya mizigo ya lori la pamba. Alimkuta mzee mabega yamechubuka kwa kubeba maji ya ziwa kwa mti na ndoo mbili. Chui walikuwepo. Simba alikuwa amekufa.

"Alikuwaga mgonjwa tangu zamani," mzee alimwambia. Mume wangu hakujua kama ni kweli au ni huruma, na hakuuliza.

Miaka ilipita. Biashara ikafunguliwa, vituo vya mafuta vikaota kando ya barabara ile, na magari yenye vitanda yakawa yanapita na watalii kila msimu. Siku moja sokoni Musoma nikamwona yule mzee akichagua kamba za katani. Alikuwa amekonda, jicho moja lina ukungu. Nilimwamkia, nikamwambia mimi ni nani. Aliacha kamba.

"Na yule mtoto?"

"Yuko hai, baba. Ni msichana mkubwa. Anashona nguo, ana cherehani yake."

"Haya," alisema. "Haya, haya." Akashika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili na kuutikisa muda mrefu, anacheka.

Yote niliyomwambia ni kweli. La masikio nililimeza, na nilipofika nyumbani nilikaa jikoni nikalia.