Milingoti Yangu Juu ya Kinyungu cha Mama

Kwa miaka mingi nimelipwa kueleza kwa nini vijana wa vijijini hawapendi kulima, na katika miaka yote hiyo sijalima hata tuta moja. Naliandika hili mwanzoni ili msomaji ajue anasomeshwa na mtu wa namna gani. Viganja vyangu ni laini. Nina shahada mbili. Nikivaa gambuti nafanana na mgeni rasmi.

Hasira iliyonikalisha hapa ilianzia Makambako, katika ukumbi wenye mabati yanayopigwa na upepo kiasi kwamba mzungumzaji hulazimika kupiga kelele hata akitaka kusema jambo la upole. Nilikuwa mwezeshaji wa semina ya siku mbili kuhusu ajira kwa vijana na kilimo cha kustahimili misukosuko. Kitini chetu kilikuwa kimeandikwa kwa ajili ya nchi nyingine, nchi iliyotoka vitani. Wenye mradi walikuwa wamenipa nikitie Kiswahili na "kukipa sura ya Njombe." Sura ya Njombe niliyokipa ilikuwa picha ya chai kwenye jalada. Ndani niliacha mambo kama yalivyokuwa, maana muda ulikuwa mfupi na tafsiri inachosha.

Kwa hiyo asubuhi ya kwanza, mbele ya vijana thelathini waliookotwa stendi na mtendaji wa kata, nilijikuta nikisoma kwa sauti: "Kabla ya kurejea shambani, hakikisheni eneo limekaguliwa na kusafishwa mabomu ya ardhini."

Kisha dereva mmoja wa bodaboda, koti lake limefungwa hadi kidevuni, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, mabomu ya wapi?"

"Ni mfano tu," nikasema.

"Aa. Maana huku tunayajua mashimo ya barabara. Mabomu tungeambiwa mapema, tusingekuja na pikipiki."

Wakacheka, nami nikacheka nao, kile kicheko cha mtu mzima anayetaka ionekane kwamba utani ulikuwa wake. Nikageukia karatasi kubwa ukutani, nikaandika swali ambalo nimeliandika katika kumbi nyingi kiasi kwamba mkono unaliandika wenyewe: KWA NINI VIJANA MNAKIMBIA SHAMBA?

Nilipogeuka nikamwona mpwa wangu.

Alikuwa amekaa safu ya nyuma, amejifunga kitenge juu ya sweta, na miguuni pake kulikuwa na ndoo nyeupe yenye mfuniko, ile wanayobebea mayai ya kuchemsha wauzaji wanaokimbilia madirisha ya mabasi. Ni mtoto wa dada yangu. Nilijua yuko kijijini kwetu Matembwe, analima bondeni. Ndivyo nilivyokuwa nikiwaambia watu mjini, tena kwa majivuno: ninaye mpwa amemaliza kidato cha nne na amechagua jembe. Nilikuwa nimemtumia kama mfano katika semina mbili.

Akanyoosha mkono. Hakuniita mjomba.

"Mwezeshaji, naomba kujibu hilo swali."

"Karibu."

"Mimi sikukimbia shamba. Nilifukuzwa."

"Na nani?"

"Na miti."

Watu wakacheka tena. Yeye hakucheka. Akaeleza kwa sauti ya kutosha kushinda mabati kwamba alikuwa na kinyungu. Wenzake wa Makambako hawakuhitaji kuelezwa, ila kwa msomaji wa mbali nitasema: kinyungu ni shamba la bondeni, kwenye udongo mweusi unaobaki na unyevu wakati wa kiangazi. Watu huinua matuta, hufukia nyasi ndani yake, hupanda mahindi, maharage, viazi na maboga wakati huku juu milimani ardhi imekauka. Mazao yake hufika mezani wakati ghala limebaki na vumbi. Mama yangu alitulea kwa kinyungu. Mwaka ambao mvua iligoma na majirani wakaenda kuomba vibarua kwenye mashamba ya chai, sisi tulikula mahindi mabichi. Hakuna aliyemwandikia Mama kitini.

"Chemchemi imekauka," akasema mpwa wangu. "Kuna mtu amepanda milingoti juu ya bonde, akashuka nayo mpaka kwenye jicho la maji. Mwaka wa kwanza hatukuona kitu. Mwaka wa tatu tukaanza kumwagilia kwa ndoo. Mwaka jana hata hapo pa kuchota pakaisha."

"Huyo mtu mwenyewe ni nani?" akauliza yule wa bodaboda. "Si mumpeleke kwa mtendaji?"

Mpwa wangu akanitazama. Sijui alinitazama kwa muda gani. Kwangu ulitosha kukumbuka kila kitu.

"Mtu mmoja hivi," akasema. "Anakaa mjini. Msomi."

Akakaa. Nami, Mungu anisamehe, nikageukia ukuta nikaandika: *Changamoto: miti.* Nikapigia mstari.

Mlima ule ni wangu. Mama alipofariki, wakubwa wa ukoo waligawa: bonde kwa dada yangu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akililima na Mama, na mteremko wa nyasi kwangu, kwa kuwa mwanamume lazima apewe kitu hata kama hana kazi nacho. Huku kwetu mtu mwenye mshahara na kipande cha mlima hufanya jambo moja tu. Hupanda miti, hurudi mjini, na hungoja kuzeeka. Tunaita akiba. Tukikutana misibani tunaulizana, "Yako imefika urefu gani?" kama akina mama wanaoulizana watoto. Nilipanda milingoti, yaani mikaratusi, kwa sababu hukua haraka na hununuliwa kuwa nguzo za umeme. Niliilima kwa simu.

Mafundi niliowakodi walinipigia siku ya upandaji. Walisema chini, karibu na chemchemi, kuna mivengi, ile miti ya asili inayopenda kukaa na maji, na Mama ndiye aliyeitunza. Wakauliza, "Tuishie hapa juu, au mpaka huku chini?"

Nilikuwa kwenye kikao. Nikanong'ona, "Mpaka chini. Msipoteze nafasi. Hiyo ya asili toeni."

Kikao kilikuwa kuhusu utunzaji wa vyanzo vya maji. Laiti ningekuwa ninatania.

Na nilikuwa nimeambiwa. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Miaka mitatu baada ya kupanda, mpwa wangu alinipigia simu akasema, "Mjomba, maji yanapungua bondeni." Nikamjibu, kwa sauti yangu ya jukwaani, "Mabadiliko ya tabianchi hayo, mwanangu. Dunia nzima inalia." Nikamshauri achimbe kisima, aweke na mabomba ya kumwagilia kwa matone. Nilikata simu nikiwa nimeridhika kabisa na nafsi yangu. Nililaumu anga la dunia nzima kabla ya kufikiria kilima changu mwenyewe.

Mapumziko ya chai nilimfuata nje. Alikuwa upande wa ukuta usio na upepo, anafuta ndoo.

"Kamwene, mjomba," akanisalimu akikunja magoti kidogo, kwa adabu zote, na adabu ile ilinipiga kuliko kofi.

"Kwa nini hukuniambia kwamba umehama?"

"Ungeuliza ningekuambia."

"Na kwa nini hukuniambia wazi kwamba ni miti yangu? Siku ile ya simu."

"Mama alinikataza. Alisema, mjomba wako amesoma, hawezi kukosa kujua kitu kama hicho. Kama amepanda vile, basi ana sababu yake."

Nimewahi kutukanwa na watu waliosomea kutukana. Hakuna aliyewahi kunifikisha pale dada yangu aliponifikisha kwa kuniamini.

"Unataka nini?" nikamuuliza.

"Ikatwe ya chini. Yote iliyo karibu na maji, mpaka pale palipokuwa na njia ya ng'ombe. Ikatwe sasa, kabla ya msimu wa vinyungu. Msimu huu nisipoinua matuta, mjomba, sirudi tena. Nitakuwa mtu wa hapa stendi. Najijua."

Ningependa kuandika kwamba nilisema ndiyo. Nilisema, "Imebakiza miaka minne tu iwe nguzo."

"Miaka minne nitakuwa nimekimbia mabasi mangapi?" akasema. Honi ikalia upande wa barabara kuu, basi likaingia, naye akabeba ndoo kichwani akaondoka mbio na wenzake. Nilimtazama akiinua mayai kuelekea dirisha lililofunguliwa nusu. Abiria akayachagua, akayarudisha, akafunga dirisha. Mtoto huyu alikuwa na ardhi. Alikuwa na ujuzi aliofundishwa na bibi yake kwa mikono, alikuwa na bidii, na alikuwa na maji. Hakuna jeshi lililompitia. Hakuna kijiji kilichochomwa moto. Aliondolewa shambani na mjomba wake, kwa amani kabisa, kisha mjomba huyohuyo akaletwa kwa gari kumfundisha ustahimilivu.

Siku ya pili ya semina nilifundisha sura ya "kubadili mtazamo wa vijana." Niliifundisha yote. Kuna aibu ambayo haimzuii mtu kumaliza ratiba.

Jumamosi tulikwenda Matembwe pamoja. Dada yangu alitupa viazi na chai, hakutaja miti, akaulizia afya ya watoto wangu mmoja mmoja. Kisha mimi na mpwa wangu tukateremka. Milingoti ilikuwa imesimama kwa mistari, minyoofu, mizuri. Nasema kweli, mizuri sana, na moyo wangu ukafurahi kabla sijaukemea. Chini yake hakukuwa na jani bichi. Matuta ya Mama yalikuwa bado yanaonekana, yamelala kama migongo ya ng'ombe waliokonda, udongo umepasuka. Pale kwenye jicho la chemchemi kulikuwa na majani makavu ya mlingoti na kopo lililotoboka.

"Ulisema eneo likaguliwe mabomu," akasema mpwa wangu. Akanyoosha mkono kuelekea mistari yangu. "Haya, kagua."

Nilijaribu kuhesabu miti ya chini, kisha nikajiuliza ninahesabu kwa ajili ya nini, nikaacha.

"Mpaka njia ya ng'ombe?" nikauliza.

"Mpaka njia ya ng'ombe."

Ilikatwa juma lililofuata. Haikufaa kuwa nguzo. Ilikwenda kuwa mirunda ya kushikilia zege katika nyumba za watu wengine. Jamaa zangu wenye miti walinipigia simu kunipa pole kana kwamba nimefiwa. Mmoja, mwalimu mstaafu, aliniuliza kama nina matatizo nyumbani. "Unakata akiba kwa ajili ya maboga?" akasema. Nilikasirika, nikaanza kumhubiria kuhusu vyanzo vya maji, kisha nikaisikia ile sauti ya jukwaani ikinitoka, nikanyamaza. Ya kwake pia imeshuka mpaka kijitoni. Yetu sote imeshuka. Ukisimama juu ya kilima chochote kule utaona mabonde yamezibwa kijani na watu wasiokaa huko, kisha watu haohao tunakutana kwenye kumbi na kuulizana kwa uchungu vijana wamekwenda wapi.

Maji hayakurudi kama yanavyorudi katika hadithi. Msimu wa vinyungu ulipofika, mpwa wangu alichimba shimo karibu na chemchemi. Unyevu aliukuta mkono ulipozama hadi kiwiko. Akainua matuta matatu. Mama aliinua arobaini. Siku tatu za juma yuko Matembwe, siku zinazobaki anarudi Makambako na ndoo yake, na hajaniambia kama mwakani atarudi kabisa. Nilimuuliza mara moja. Akasema, "Nitaliuliza shimo."

Na mlingoti haufi kwa kukatwa. Sikulijua hilo, pamoja na shahada zangu. Kila kisiki huchipua, na machipukizi yana kiu kuliko mti wenyewe. Kwa hiyo kila mwezi napanda gari, nateremka bondeni na panga, navunja machipukizi kisiki kwa kisiki mpaka mgongo unakataa. Malengelenge yangu yamekuwa kichekesho cha kijiji. Safari iliyopita nilikaa chini kupumua, nikidhani nimemaliza.

"Mjomba," akaniita akiwa kwenye matuta yake, bila kuinua kichwa. "Umeruka kile cha pale kwenye jicho la maji."

Nikainuka.