Konokono wa Muema

Ugoro wa Kalondu unajulikana Mwala nzima, na mimi jirani yake ni shahidi. Ukivuta kidogo, machozi. Ukizidisha, unaanza kuwaita mababu kwa majina. Siri yake ni jiwe la kusagia, jiwe jeupe la matumbawe aliloletewa na marehemu mumewe, Muema.

Muema alikuwa mchimba mawe kwenye kisiwa kimoja huko pwani. Kila Krismasi akirudi nyumbani alisimulia kwamba ndani ya miamba, juu kabisa mahali maji ya bahari hayafiki, kuna konokono na makombe waliogeuka mawe. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mwaka mmoja akabeba jiwe liwe ushahidi, lakini uso wa jiwe ulikuwa mtupu, bila konokono. Rafiki yake Laban akambandika jina: Muema wa Konokono. Njia ya mwongo ni fupi, Laban alisema, lakini ya huyu inafika Mombasa! Muema alikufa na jina hilo, na asiyekuwepo na lake halipo. Lile jiwe lake Kalondu akalifanya la kusagia tumbaku.

Miaka ya kusaga imelila jiwe hilo. Mwezi uliopita, akilipangusa vumbi, Kalondu aliona mviringo uliojikunja katikati: konokono mzima, na kando yake kipande cha kombe. Akaketi chini. Akiendelea kusaga, watafutika. Asiposaga, atakula nini? Akalifunga jiwe kwa leso, akaja kuazima langu la mtoni. Ugoro ukatoka umepoa, wateja wakanuna na kuhama.

Laban, mteja wake mkubwa, alishindwa kuvumilia. Alifika na bodaboda, amekasirika, akamwita Kalondu kwa jina la mwanawe.

"Mama Mutanu, hii si ugoro, ni vumbi! Ile jiwe yako iko wapi?"

"Iko hapa. Kuja uone kwanza."

Akafungua leso. Laban aliinama, akapitisha kidole kwenye ule mviringo, akarudia tena polepole. Akavua kofia.

"Aka! Kumbe Muema alikuwa anasema ukweli. Na tulimcheka mpaka akaingia kaburi."

Nilidhani Kalondu angefurahi, maana ndiyo maneno aliyoyataka. Alilia, maskini, mpaka Laban akakosa pa kuweka mikono.

"Nyinyi mlimcheka kwa soko," alisema. "Mimi nilimcheka kwa nyumba yake."