Magodoro ya Mashua ya Mzee Msengi

Sponji mpya ina harufu yake. Fundi akiikata kwa kisu kirefu inatoa harufu kali ya dawa, na akifungua kopo la gundi ya makochi, kichwa kinaanza kuuma taratibu. Wiki iliyopita nilipita kwa fundi mmoja Singida mjini, harufu hiyo ikanisimamisha mlangoni kwake. Akaniuliza nataka kochi la aina gani. Sikutaka kochi. Kwa mawazo nilikuwa nimerudi nyumbani Misigiri, nina miaka minane, na nina hakika bibi yangu atakufa kwa sababu ya karatasi mbili.

Mama alikuwa fundi wa kushona. Alivisha makochi, alitengeneza viti vya malori, na watu wakifiwa, alishona kitambaa cheupe cha ndani ya jeneza. Kwa kazi hiyo hakutumia futi. Katika ukoo wetu marehemu hapimwi kwa namba. Wazee walimpima kwa kamba ya katani, wakapiga fundo la kichwani na fundo la miguuni, kisha kamba ikaletwa kwa mama. Alikata kitambaa kwa kufuata mafundo, na kamba ikaenda kuzikwa na mwenyewe. Hakuna aliyenifundisha haya, niliyaona tu. Kamba ya mafundo mawili ikiingia kwetu, kuna mtu amelala na hataamka.

Bibi, mama yake mama, aliishi nasi, na mimi nililala naye kitanda kimoja. Tangu tulipovuna alizeti alikuwa anakohoa. Kila Jumapili mama alimwambia, "Mama, twende Kiomboi hospitali." Bibi alijibu kwamba ni vumbi tu la alizeti, na mama akarudi kwenye cherehani yake.

Basi siku moja natoka shule, nakuta kamba mezani. Ina mafundo mawili. Chini yake kuna karatasi mbili za mfuko wa saruji, zimekatwa pana upande wa mabega na nyembamba upande wa miguu.

Ninyi nawaambia mapema, msije mkateseka kama mimi. Mzee Msengi, mstaafu wa meli za Mwanza, alikuwa na mashua ndogo ya tanga katika ziwa Kitangiri. Mbele ilikuwa na kachumba ka kulala watu wawili, na panya walikuwa wameyala magodoro yake. Alitaka mapya. Kwa kuwa pua ya mashua ni nyembamba, magodoro nayo hubanwa miguuni, la kushoto na la kulia kila moja kwa upande wake. Futi hakuwa nayo, akapima urefu kwa kamba ya mafundo kama alivyozoea kazini, na umbo akalikata kwenye karatasi. Yote hayo alimweleza mama mimi nikiwa darasani, na hakuna aliyeona haja ya kumweleza mtoto.

Mimi nilikuwa na kamba, karatasi na kikohozi cha bibi. Kilichonichanganya ni hesabu. Kwa nini mbili? Nikafikiri mpaka nikapata jibu. Mimi na bibi tulilala pamoja, basi ya pili ilikuwa yangu. Nikajilaza juu yake kwa siri. Ilinizidi mno, nikafarijika kidogo. Nikaona labda wameamua kusubiri nikue.

Jioni mama alimwita bibi. "Mama, hebu jilaze hapa nione. Mwenye kazi ni wa kimo chako." Akaitandaza karatasi sakafuni. Bibi akajinyoosha juu yake, akakusanya mikono kifuani, akafumba macho.

"Miguu haibani?" mama akauliza.

"Haibani, mwanangu. Pananitosha."

Aliyasema kwa sauti ya mtu aliyepata kiti kizuri kanisani. Mama alimwangalia kidogo, kisha akatoka nje haraka, akasema anaangalia mkaa wa pasi. Alikaa huko muda mrefu. Mimi nikashangaa, maana pasi ilikuwa ndani, imepoa, na siku ile hatukuwa na nguo ya kupiga pasi.

Kesho yake asubuhi nilichukua karatasi aliyolalia bibi, nikaitia motoni chini ya sufuria ya uji. Niliona kipimo kikipotea, kazi itapotea. Mama aliitafuta kila kona, mwishowe akamshtaki mbuzi wa jirani. Halafu, kwa mshangao wangu, hakukata tamaa hata kidogo. Alichukua ile iliyobaki, akakata nayo sponji mbili, akashona magodoro mawili: juu leza ya bluu, ile ngozi ya bandia ya makochi, chini turubai. Nikachanganyikiwa zaidi. Sijawahi kuona jeneza la bluu.

Jumamosi tukapanda basi, tukashuka mlima Sekenke, magodoro yamefungwa juu ya keria. Bibi alibaki nyumbani mzima, ananipungia mkono. Nikajiuliza njia nzima, inakuwaje tunatangulia kuzika na mwenyewe anaota jua uani?

Ziwani Mzee Msengi alitupokea kwa furaha. Nikamsalimia, "Shikamoo babu," na kwa mara ya kwanza nikaona mashua yenye chumba. Godoro la kwanza likaingia vizuri. La pili likagoma. Akalisukuma, akaligeuza mbele nyuma, halikukaa. Akilipindua linakaa, lakini turubai inakuwa juu.

"Mama Neema," akasema akicheka, "umenishonea viatu viwili vya mguu mmoja!"

Mama akainama kuangalia, amekunja uso. Hajawahi kurudishiwa kazi. Alianza kueleza habari za mbuzi wa jirani, na hapo mimi nikapasuka kulia.

"Mbuzi hakula! Nilichoma mimi! Ilikuwa ya bibi, nisingeichoma mngemzika!"

Mzee Msengi akaacha kucheka. Mama akakaa kwenye ukingo wa mashua, akaniangalia, sikuona hasira wala huruma, nikashindwa kujua nitapigwa au la. Alimwomba mzee siku chache arekebishe, tukarudi nyumbani, godoro likiwa juu ya keria.

Nilingoja fimbo usiku ule, haikuja. Jumatatu niliamka nikakuta cherehani imefunikwa, na godoro la mzee liko kona palepale. Bibi alikuwa amevaa khanga zake mpya, ananung'unika kwamba vumbi halina daktari.

"Mama, leo sikuombi," mama akamwambia. "Vaa viatu."

Walirudi kutoka Kiomboi na mfuko wa dawa za miezi sita. Bibi alizimeza zote huku akilalamika, akaishi mpaka nilipofika kidato cha pili.

Kwa miaka mingi niliamini mama alinisamehe kwa sababu nilikuwa mdogo. Sasa nina umri aliokuwa nao yeye wakati ule, na ninajua hapakuwa na la kusamehe. Alipomwona mama yake amelala juu ya karatasi ile, aliona nilichokiona mimi. Tofauti yetu ni kwamba mimi niliweza kulia mbele ya watu, na yeye alikuwa na kazi ya mtu ya kumaliza.